Sikio la kulia la Oscar Wilde: kesi ya mfupa wa temporali

Tarehe 27 Novemba 1900, Paris, Hôtel d'Alsace, rue des Beaux-Arts namba 13, madaktari wawili wanaandika cheti cha mgonjwa. Mgonjwa ni Oscar Wilde, mwandishi wa Ireland, miaka 46, ila anatumia jina la Melmoth maana jina lake la kweli lilishachafuka Uingereza nzima. Cheti chenyewe kifupi. Wanasema walimcheki Jumapili ya tarehe 25 wakakuta ubongo umeshaanza kuvurugika, chanzo ni usaha wa siku nyingi wa sikio la kulia ambalo limetibiwa kwa miaka kadhaa, tarehe 27 hali ikazidi kuwa mbaya, na bila shaka yoyote ni uvimbe wa utando wa ubongo (meninjaitisi) ulioingia mpaka kwenye ubongo wenyewe. Alafu inakuja sentensi ambayo ndo imenifanya niandike yote haya: kwa vile hakuna dalili inayoonyesha ni sehemu gani ya ubongo imeshikwa, kutoboa fuvu hakuwezi hata kufikiriwa. Tarehe 30 mchana akafariki.

Wengi wakisikia jina hilo wanakumbuka kesi mahakamani na jela, na wengi wameshaambiwa kwamba jamaa alikufa kwa kaswende. Mimi nasimama na sikio. Na sio kwa sababu ya barua na cheti peke yake, ni kwa sababu ukiujua vizuri mfupa unaolibeba sikio, yani mfupa wa temporali, hadithi yote inakaa sawa kuanzia jela mpaka kitandani, hata ile sentensi ya kwamba hakuna dalili ya kuonyesha sehemu inakua na maelezo.

Kwanza historia ya mgonjwa, maana bila historia hamna kesi. Wilde alifungwa Mei 1895, miaka miwili na kazi ngumu. Akiwa gereza la Wandsworth inasemekana alianguka kwenye kanisa la gereza akaumia sikio la kulia. Baadae akahamishiwa Reading, na Julai 1896 akamuandikia waziri wa mambo ya ndani ombi la kuachiliwa, na humo ndani analalamika kwamba sikio la kulia karibu halisikii kabisa kwa sababu ya jipu lililotoboa ngoma ya sikio, na kwamba daktari wa gereza kasema hana msaada wowote na usikivu utapotea wote. Soma hiyo taratibu. Hakusema ngumi wala kuanguka ndo kulitoboa ngoma, alisema jipu. Ngoma inayopasuka kwa kuumia, mara nyingi ukiiacha kavu inajifunga yenyewe ndani ya wiki chache au miezi michache. Ngoma inayopasuka kwa usaha unaosukuma kutoka ndani alafu ikaendelea kuvuja miaka, hiyo ni habari nyingine, hapo sikio lilikua na ugonjwa, inawezekana hata kabla ya Wandsworth, na kule kuanguka kukawa kumekuta moto unafuka tayari.

Sasa kuna kitu kinauma hapa. Baba yake, Sir William Wilde, alikua daktari wa macho na masikio pale Dublin, mkubwa kweli, hospitali ya St Mark's aliianzisha yeye mwaka 1844, na 1853 akatoa kitabu cha upasuaji wa masikio kilichosomwa mpaka nje ya Ireland. Ndani yake kuna onyo ambalo madaktari wa masikio wanalirudia hadi leo: sikio likiwa bado linatoa usaha, huwezi kujua litaishia lini, wapi na vipi, wala litakupeleka kwenye nini. Na kuna mkato wa kisu wenye jina lake, mkato wa Wilde, unaochanwa nyuma ya sikio kushuka chini, unapita ngozi na ule utando unaofunika mfupa mpaka ncha ya kisu iguse mfupa, usaha uliojikusanya hapo unatoka mgonjwa anapumua. Baba alifariki 1876, Oscar akiwa na miaka 21. Kwa hiyo hakuwepo.

Nataka tuanzie hapo hapo kwenye huo mkato, maana ndo mlango wa mfupa wenyewe. Weka kidole nyuma ya sikio lako. Kile kinundu kigumu ni mastoidi, na ukigeuza shingo kwa nguvu upande wa pili utasikia msuli mkubwa wa shingo umejishikiza kwenye ncha yake ya chini. Peleka kidole mbele ya sikio sasa, fungua mdomo funga, unasikia taya linateleza, kile kishimo linachochezea nacho ni cha mfupa huu huu wa temporali. Kutoka hapo kuna upinde unaokimbia kwenda shavuni, nusu yake ya nyuma ni yake pia. Fuata huo upinde kurudi nyuma kwa kidole, unapita juu ya tundu la sikio na unaendelea kama tuta dogo kuelekea nyuma. Hilo tuta lishike akilini. Juu yake, kwa makadirio, ndo usawa wa sakafu ambayo ubongo umekalia. Chini yake ni eneo la sikio na vyumba vyake. Daktari anayeshika drili bila kulijua tuta hilo asiruhusiwe kuiwasha.

Ukiwa na fuvu mkononi utaona zaidi. Pembeni ya tundu la sikio, kona ya juu kwa nyuma, kuna kimwiba kidogo cha mfupa, wanakiita mwiba wa Henle, na nyuma yake tu kuna kieneo kidogo kimebonyea kidogo chenye vitundu vitundu vya mishipa. Hiyo ndo pembetatu ya Macewen. Mpaka wake wa juu ni lile tuta, wa mbele ni ukingo wa tundu la sikio, wa nyuma ni mstari unaouchora kichwani mwako ukigusa ukuta wa nyuma wa tundu. Ukichimba hapo kwa mtu mzima, kama sentimita moja na nusu ndani, unaingia kwenye chumba kinaitwa antramu, chumba kikubwa kuliko vyote vya mastoidi. Kwa mtoto mchanga antramu iko karibu sana na ngozi, milimita mbili hivi za mfupa. Na mtoto mchanga hana hata ile nundu ya mastoidi, inaanza kuota mwaka wa pili, kwa hiyo neva ya uso inatoka kwenye fuvu ikiwa juu juu kabisa haina cha kuikinga, ukichana mkato wa Wilde wa kushuka moja kwa moja kwa kichanga unaweza kumuacha na uso umepinda maisha yake yote, ndo maana kwa watoto mkato unalazwa kwenda nyuma.

Ndani ya mastoidi hamjajaa mfupa mzito. Ni vijichumba vya hewa vimepangana kama sega la nyuki, vyote vinawasiliana, na vyote mwishowe vinafunguka kwenye antramu, na antramu inafunguka kwenye sikio la kati kule juu vilipo vifupa vya kusikia vinavyoitwa nyundo na fuawe. Sikio la kati nalo limeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija wa kama sentimita tatu na nusu. Unaona njia? Mafua yanaanzia puani, yanapanda mrija, yanafika sikio la kati, yanaingia antramu, yanasambaa kwenye vijichumba. Kutoka sikio la kati mpaka vijichumbani hakuna mlango hata mmoja wa kufunga katikati.

Na kwa upande wa Wilde hilo la mafua sio nadharia. Rafiki yake Robert Ross aliandika barua ndefu Desemba 1900 kuelezea siku za mwisho. Anasema alipokea telegramu ya Wilde ya tarehe 11 Oktoba: "nimefanyiwa opareshoni jana, njoo haraka", akafika Paris tarehe 17. Tarehe 29 Oktoba Wilde akaamka mchana kwa mara ya kwanza, jioni akang'ang'ania kutoka, wakaenda mgahawa mdogo, akanywa absinthe, pombe kali, ingawa Ross hakupenda. Kesho yake ana mafua na sikio linauma vibaya. Daktari bado akaona anaweza kutoka kupunga hewa. Ukisoma barua hiyo ukiwa na picha ya mrija na antramu kichwani, unatamani umrudishe kitandani.

Sasa twende kwenye swali lenyewe, usaha ukijaa kwenye vile vijichumba unaenda wapi. Mfupa wa temporali una kuta nyingi na kila ukuta una jirani yake, na ugonjwa unaonyesha umetokea ukuta gani kwa dalili za jirani huyo.

Ukitoboa ukuta wa nje, usaha unakaa chini ya ngozi nyuma ya sikio, panavimba, sikio linasukumwa mbele na chini, mama anaona mwenyewe nyumbani kwamba sikio la mtoto limesimama vibaya. Huyu ndo mgonjwa wa mkato wa Sir William, na kwa kweli kwa namna fulani ana bahati maana usaha umechagua kutoka nje. Ukitoboa ncha ya chini unateremka chini ya msuli wa shingo, hiyo alieleza daktari Bezold 1881. Ukienda nyuma kuna bamba jembamba la mfupa na nyuma yake mshipa mkubwa wa damu ya kutoka kichwani, sinasi ya sigmoidi, unapita umepinda kwenye mfereji wake kabla haujashuka shingoni. Hapo damu inaganda, homa inapanda na kushuka na mgonjwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga, na ukisogea kidogo tu upo kwenye ubongo mdogo. Kwenye ncha ya ndani kabisa ya sehemu ya petrosi, yani kile kipande cha mfupa huu kinachobeba sikio la ndani, kuna neva inayogeuza jicho kwenda nje na karibu yake neva ya hisia za uso, usaha ukifika huko mgonjwa analalamika maumivu nyuma ya jicho na anaona vitu viwili viwili huku sikio linavuja, madaktari wanaiita kwa jina la Gradenigo.

Kuna na njia ya kupita sikio la ndani. Hiyo sehemu ya mfupa iliyofunga koklea (kile kikonokono cha kusikia) na mifereji ya usawa ni kati ya mifupa migumu kabisa ya mwili wa binadamu, ndo maana siku hizi wanaotafuta DNA ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita wanakimbilia kuchimba hapo kwanza. Lakini hata ngome ina matundu. Kuna dirisha mbili zinazotazama sikio la kati, na ule mfereji wa usawa wa pembeni umejitokeza kabisa kwenye njia ya kuelekea antramu. Ugonjwa ukiingia hapo kizunguzungu kinaanza na uziwi unakua wa jumla, alafu kupitia tundu la neva ya kusikia upo kwenye utando wa ubongo.

Na mwisho dari. Hii ndo nataka tukae nayo. Dari ya sikio la kati na antramu inaitwa tegmeni, na juu yake moja kwa moja imelala sehemu ya ubongo inayoitwa lobu ya temporali, katikati ni dura tu, yani utando mgumu wa nje wa ubongo. Chukua fuvu kavu lililokatwa juu, lielekeze dirishani, tazama sakafu ya ndani upande wa temporali: mbele ya nundu inayoinuliwa na mfereji wa usawa wa juu utaona sehemu mwanga unapenya. Mwanga unapenya mfupa! Sehemu nyingine haifiki milimita moja, na wapo watu wamezaliwa na matundu kabisa hapo wala hawajui mpaka wanakufa uzeeni kwa mambo mengine. Ukuta wa nje ambao baba yake Wilde alikua anaufikia kwa kisu ni mnene mara nyingi zaidi ya hiyo dari. Kwa hiyo mtu anaweza akawa hana uvimbe wowote nyuma ya sikio, ngozi safi, kidole kinagusa mastoidi hakiumi sana, na huku juu ugonjwa umeshavuka.

Nani anaitafuna dari? Usaha wa kawaida wa wiki mbili unaweza, lakini wa miaka mingi kama wa Wilde unaofikiriwa zaidi ni kolesteatoma. Jina linatisha, kitu chenyewe ni ngozi. Ngozi ya ngoma ya sikio inavutwa ndani kule juu kwenye kona ya sikio la kati, inatengeneza kimfuko, kimfuko kinajaa ngozi iliyokufa, inaoza, inanuka harufu ambayo ukiinusa mara moja hutoisahau, na taratibu inakula mfupa uliokigusa. Inaanza na ukingo wa mfupa ulio juu ya ngoma, inakula fuawe, alafu inachagua: juu dari, ndani mfereji wa usawa, chini kidogo mfereji wa neva ya uso. Haina haraka. Madaktari wawili wa Cape Town, Ashley Robins na Sean Sellars, waliandika kwenye jarida la Lancet mwishoni mwa mwaka 2000, miaka mia kamili baada ya kifo, wakasema hivo hivo, kwamba ugonjwa sugu wa sikio la kati, pengine kolesteatoma, ndo ulipanda ukawa ugonjwa wa utando na ubongo.

Turudi kwenye cheti. Hakuna dalili ya kuonyesha sehemu. Kwa nini hii ilikua muhimu kiasi cha kuamua mtu akatwe au asikatwe? Kwa sababu mwaka 1900 upasuaji wa jipu la ubongo ulikuepo na ulikua unafanya kazi mikononi mwa wanaojua. William Macewen wa Glasgow, huyo huyo wa pembetatu, alichapisha 1893 kwamba kati ya majipu 19 ya ubongo aliyoyafanyia opareshoni, wagonjwa 18 walipona. Bila antibayotiki! Siri yake ilikua ramani: alijua mfupa, alijua ugonjwa umetokea ukuta gani, kwa hiyo alijua wapi pa kutoboa. Daktari asiye na dalili za sehemu anatoboa gizani.

Sasa fikiria. Jipu likiwa ubongo mdogo, mgonjwa anayumba, macho yanacheza, mkono unakosa shabaha. Likiwa juu ya dari upande wa kushoto, kwa watu wengi sana huko ndo kuna lugha, mgonjwa anaanza kusahau majina ya vitu, anaonyeshwa kijiko anasema kile kitu, daktari anaandika haraka lobu ya temporali kushoto. Lakini upande wa kulia? Upande wa kulia kwa watu wengi umekaa kimya. Unaweza kupata jipu la ukubwa wa limau pale na mtu bado anaongea vizuri, anatania, anachanganyikiwa kidogo tu na kuumwa kichwa, na pengine ukimpima vizuri macho utakuta kipande cha juu cha upande wa kushoto hakioni, jambo ambalo mgonjwa anayeweweseka hawezi kukusaidia kulipima. Na sikio la Wilde lilikua la kulia. Yani mtu ambaye maisha yake yote yalikua maneno, ugonjwa ulipita upande usiogusa maneno, na kwa sababu hiyo hiyo haukuacha alama ambayo madaktari wangeifuata. Sisemi kwamba hakika palikua na jipu, inawezekana ilikua ni utando tu umewaka wote na hapo hata Macewen asingekua na pa kutoboa. Ila ile sentensi ya cheti watu wanaisoma kama udhaifu wa madaktari, mimi naisoma kama matokeo ya upande.

Vipi kuhusu kaswende? Kitabu kimoja cha 1912 ndo kilianza kuchapisha hilo, waandishi waliofuata wakalibeba, na ule upele uliokua unamuwasha miezi ya mwisho ukawa ushahidi (yeye mwenyewe aliwaambia watu ni sumu ya kome aliokula). Kaswende inaweza kweli kuharibu sikio, lakini inaharibu sikio la ndani, uziwi unakuja, mlio unakuja, kizunguzungu, na sikio lenyewe linabaki kavu. Haikupi jipu, haitoboi ngoma, haikupi usaha wa miaka. Na kaswende ya ubongo inatembea miezi na miaka, akili inaporomoka polepole, matembezi yanaharibika. Huyu tarehe 29 Oktoba alitoka kwa miguu yake akaenda kunywa na kupiga soga, mwezi mmoja baadae amekufa. Huo mwendo ni wa usaha. Anayetaka kushikilia kaswende inabidi aeleze usaha umetoka wapi, na mimi sijaona aliyeeleza.

Opareshoni ya tarehe 10 Oktoba nayo imezua ubishi. Ilifanyika chumbani kwake hotelini, na hakuna aliyeandika kwa undani nini kilikatwa. Wengine wanaona ni kuchoma ngoma tu usaha utoke, wengine ni kutoa kinyama kilichoota ndani ya tundu. Robins na Sellars wanaona ilikua opareshoni ya mastoidi yenyewe, na mimi naegemea huko kwa sababu moja ndogo ya kiuguzi: kwa wiki kadhaa kuna mtu alikua anakuja kila siku kumfunga kidonda. Ngoma iliyochomwa haina kidonda cha kufungwa, unaweka pamba basi. Kinachohitaji mtu aje kila siku na gozi (kitambaa cha kidonda), atoe ya jana yenye usaha, mgonjwa akunje uso, asukume mpya mpaka chini, ni shimo nyuma ya sikio lililoachwa wazi lijifunge kutokea ndani. Opareshoni hiyo ilishakua ya kawaida wakati huo, Schwartze na mwenzake Eysell walishaipanga vizuri Ujerumani tangu 1873. Kabla ya hapo ilikua inaogopwa kweli, kwa sababu mwaka 1791 daktari wa mfalme wa Denmark, von Berger, alitobolewa mastoidi kwa ajili ya uziwi na mlio akafa kwa ugonjwa wa utando wa ubongo, na madaktari wa Ulaya wakaikimbia kwa miongo mingi. Ubaya wa mwaka 1900 ni kwamba hata ukifungua antramu vizuri, kama kolesteatoma imebaki kona ya juu chini ya dari na huna darubini ya kuiona, umetoa usaha umeacha mwenye nyumba. Eksirei iligunduliwa Novemba 1895 Wilde akiwa jela, penisilini ilikua bado karibu miaka thelathini mbele.

Nikiwa hapo niseme kidogo la huku kwetu, maana kesi hii sio ya makumbusho. Sikio la kutoa usaha Tanzania na Kenya ni la kawaida mno, hasa kwa watoto, kiasi kwamba nyumba nyingi hawalihesabu kama ugonjwa, mtoto anapelekwa shule na pamba sikioni na wenzie wanamkimbia kwa harufu, bibi anatia mafuta ya nazi au maji ya majani. Usaha ukipita wiki mbili na ngoma imetoboka hiyo tayari ni sugu, inatakiwa sikio likaushwe na kutazamwa na mtu mwenye kifaa cha kuona ndani, na kama inanuka vibaya na tundu liko juu kwenye kona usikubali kuandikiwa matone tu mwaka wa tatu mfululizo, omba rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo apigwe sitiskani ya mfupa huu. Na mtu mwenye sikio la kutoa usaha akianza homa, kichwa kikali, kutapika, shingo kukaza, usingizi usio wa kawaida, uso kupinda au kizunguzungu, hiyo ni usiku huo huo hospitali, sio kesho. Usaha kukauka ghafla na kichwa kuanza kuuma sio kupona.

Sasa ubishi wa Wilde unaweza kumalizwa? Alizikwa kwanza makaburi ya Bagneux, mwaka 1909 mabaki yakahamishiwa makaburi ya Père Lachaise, Paris, na sehemu hii ya fuvu huwa inadumu kuliko sehemu nyingi. Sidhani kama kuna atakayeruhusu kaburi lifunguliwe, na wala sina hamu hiyo. Ila kama picha ya mfupa wa temporali wa kulia ingepatikana, ningetazama vitu vinne tu. Vijichumba vya mastoidi: kama ni vichache na mfupa umekua mzito, sikio liliumwa tangu utotoni na jela ilikuta ugonjwa wa zamani. Ukingo wa mfupa juu ya ngoma: ukiwa umelika, kolesteatoma ilikuwepo. Dari: tundu lenye kingo laini zilizolika juu ya antramu lingemaliza habari ya kaswende siku hiyo hiyo. Na pembetatu ya Macewen nyuma ya mwiba wa Henle: kama kuna shimo, opareshoni ya tarehe 10 Oktoba ilikua ya mastoidi, na kama mfupa pale ni mzima haujaguswa, basi kidonda alichokua anafungwa kila siku kilikua ndani ya tundu la sikio tu, watu wa Cape Town na mimi tutakua tumekosea kuhusu kisu, na mwenye kosa kubwa atakua yule daktari wa Paris aliyeiacha antramu bila kuifungua.